Mamluki: askari wa Kongo au mshambuliaji wa kidato cha pili?

Swali: Nafundisha michezo hapa Moshi. Kwenye mashindano ya shule, kijana anayechezeshwa ilhali si mwanafunzi tunamwita mamluki. Baba yangu anakataa kabisa, anasema mamluki ni wale Wazungu waliopigana Kongo. Nani yuko sahihi? Na askari wetu walioko Kongo, kwa kuwa wanalipwa, nao tuwaiteje?

Jibu: Mwalimu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Yeye ameshika shina, wewe umeshika tawi.

Neno ni la Kiarabu, mamluk, yaani anayemilikiwa. Ndugu zake unawatumia kila siku: miliki, milki, malkia. Mamluk wa kale alikuwa mtumwa aliyenunuliwa akafunzwa vita. Wale wa Misri waliitawala nchi yenyewe tangu 1250 hadi 1517. Magazeti yetu yalipolitumia kwa vita vya Afrika iliyokwisha kupata uhuru, utumwa uliachwa, ikabaki bei.

Anaowakumbuka mzee ni kina Mike Hoare, walioajiriwa mwaka 1964 na serikali ya Kongo ya Waziri Mkuu Tshombe kupambana na waasi walioitwa Simba. Wengi walitoka Afrika Kusini na Rhodesia, wakasaini mikataba ya miezi 6. Nchi si yao, bendera si yao. Mkataba ukiisha, mtu anasaini mwingine au anakwenda zake.

Anayenisumbua mimi ni Bob Denard, Mfaransa. Mwaka 1978 alimpindua Rais Ali Soilih huko Komoro, akakaa hadi 1989 akiongoza walinzi wa Rais, akasilimu, akaoa, akajiita Said Mustapha Mahdjoub. Itifaki ya Geneva ya 1977, mkataba wa sheria za vita, inasema mkazi wa nchi iliyomo vitani hahesabiwi mamluki, kwa hiyo wakili angepata pa kushika. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Mwaka 1995 alirudi kwa bahari, akapindua tena.

Askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, aliyeko Kongo chini ya Umoja wa Mataifa analipwa, ndiyo, lakini ametumwa na dola yake. Kumwita mamluki ni kosa la lugha, na kwa mama yake ni tusi. Tafadhali usilikubali darasani.

Kijana wako wa uwanjani ni mamluki kwa istiari, nami naikubali: jezi ya shule anayo mwilini, daftari la mahudhurio halimjui. Kwenye siasa, “mwanachama mamluki” amekwenda mbali zaidi. Hata malipo si lazima, umebaki ugeni na shaka.

Sema mamluki huyu, mamluki hawa. “Wamamluki” nimeiona kwenye insha za wanafunzi Arusha, isahihishe. Kazi yao ni umamluki.