Mstari mwekundu wa mRDT ni dhahabu kweli, ila dogo kakusimulia nusu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo maabara kwenye zahanati moja huku Mbagala, mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, kwangu ni kazi ya kila siku. Kwenye semina moja tuliambiwa ule mstari mwekundu wa kipimo ni dhahabu, nikabaki najiuliza, dhahabu si ya njano? Nilivomuuliza mdogo wangu anayesoma fizikia pale Mlimani akasema hizo ni plasmoni, na eti plasmoni ndo zitaondoa nyaya kwenye kompyuta, mwanga upite badala ya umeme. Ni kweli au ananipiga fiksi?

JIBU: Marahaba dada. Kwenye semina waliwaambia kweli. Ndani ya kile kiplastiki, karibu na pale unapodondoshea damu, kuna kipande kimekaushiwa vipunje vya dhahabu, mara nyingi vya kipenyo cha nanomita 20 mpaka 40 hivi, yani vya 40 ukivipanga mstari mmoja unahitaji elfu 25 kufikisha milimita moja. Kila kipunje kimegandishiwa antibodi (kingamwili), na kwenye vipimo vya falsiparum, aina mojawapo ya kimelea cha malaria, antibodi hiyo mara nyingi inakamata protini inayoitwa HRP2 inayotoka kwa kimelea. Ukiweka bufa, kile kimiminika cha matone, vinapanda na karatasi mpaka kwenye mstari ambako kuna antibodi nyingine inasubiri, vinanasa pale, vikirundikana vya kutosha jicho linaona wekundu. Ndo mana hata mstari hafifu unahesabika ni chanya, vipunje vichache ni vipunje vile vile. Na usiwaze kuvikusanya, sonara wa Kariakoo atakucheka.

Sasa rangi. Kwenye metali kuna elektroni ambazo hazijafungwa na atomi yoyote, zinazunguka zinavotaka, na mwanga nao ni wimbi la umeme na sumaku, kwahiyo ukipita unazisukuma huku na unazivuta kule mamia ya matrilioni ya mara kwa sekunde. Pata picha daladala ya Mbagala jioni, watu wamesimama wamebanana, dereva anakanyaga breki wote wanaenda mbele kwa pamoja, akiachia wote wanarudi nyuma, hamna mtu anayeyumba peke yake. Elektroni za kipunje zinafanya hivo hivo, zikihamia upande mmoja upande wa pili unabaki na chaji chanya inayozivuta zirudi, zinapitiliza, zinavutwa tena. Huko kuyumba kwa pamoja ndo plasmoni. Na kila kitu kinachoyumba kina mwendo wake kinaoupenda, kwa kipunje kidogo cha dhahabu kilichopo kwenye maji mwendo huo unaangukia kwenye mwanga wa urefu wa wimbi kama nanomita 520, ambao ni kijani. Kijani kinanyonywa, kinachobaki kinakwenda kugonga karatasi nyeupe na kurudi kwako kikiwa chekundu.

Pete yako ni ya njano kwa sababu nyingine, dhahabu nene inanyonya bluu kutokana na jinsi elektroni za ndani ya atomi zake zinavopanda ngazi za nishati, hapo hamna kuyumba kwa kipunje. Kinachochekesha ni kwamba ukichukua fedha, hii metali nyeupe ya mikufu, ukaisaga mpaka nanomita hizo hizo, plasmoni yake inaangukia kama nanomita 400 na maji yanakuwa ya njano. Dhahabu nyekundu, fedha njano, ukimwambia mtu wa mtaani hawezi kukuelewa.

Hii sio sayansi ya jana. Warumi wa karne ya 4 walitengeneza kikombe cha kioo, kipo British Museum kinaitwa kikombe cha Lycurgus, mwanga ukikipiga kwa nje ni cha kijani, ukiweka taa ndani kinakuwa chekundu, na ndani ya kile kioo kuna vipunje vya dhahabu na fedha ambavyo mafundi wenyewe hawakuwa na namna ya kuviona. Michael Faraday akaja kusema kwenye andiko lake la 1857 kwamba maji mekundu aliyotengeneza ni dhahabu iliyogawanyika sana, mwaka 1908 Gustav Mie akapiga hesabu yote ya jinsi kipunje kinavonyonya na kutawanya mwanga, na hesabu ile ile bado tunaitumia.

Tuje kwa dogo. Alichokuambia kina mzizi wake, asionekane muongo kabisa. Kuna aina ya pili ya plasmoni, hii haikai kwenye kipunje, inatembea juu ya uso wa metali iliyo bapa kama wimbi juu ya maji. Mwanafizikia R. H. Ritchie aliitabiri 1957, ila kuiwasha kwa mwanga ilikuwa shida kwa sababu ukiumulika dhahabu hivi hivi wimbi la mwanga na wimbi la uso haviendani hatua, mpaka 1968 Otto, na mwaka huo huo Kretschmann na Raether, wakaja na ujanja wa kupitishia mwanga kwenye prizimu. Unachukua prizimu ya kioo, unaipaka dhahabu ya nanomita kama 50, unapiga leza kupitia kioo, unazungusha pembe taratibu, na ikifika pembe fulani mwanga unaorudi unakata ghafla, karibu wote umeingia kwenye plasmoni. Hapa ndo mtu wa maabara kama wewe unatakiwa ukae vizuri, kwa sababu hiyo pembe inategemea kilichogusa dhahabu upande wa pili. Ukigandisha antibodi pale, protini ikija kunasa, pembe inahama. Huhitaji rangi, huhitaji kitu cha kukiwekea alama, unaangalia protini inanasa na kuachia muda huo huo inavotokea. Wasweden walionyesha hilo 1983, na 1990 mashine ya Biacore ikaingia sokoni, leo viwanda vya dawa huko duniani vinaitumia kupima dawa inashikana vipi na protini. Kwa maoni yangu hiyo ndo kazi nzuri kuliko zote iliyotoka kwenye plasmoni na watu wengi hawaijui, wanakimbilia stori za kompyuta.

Na stori za kompyuta zilitoka wapi? Mwanga wa kawaida haukubali kubanwa chini ya karibu nusu ya urefu wa wimbi lake. Mwanga wa kwenye nyaya za fiber ni nanomita 1550, wakati vitu vya ndani ya chipu vinapimwa kwa makumi ya nanomita, kwahiyo havikutani. Plasmoni inabanika, unaweza kuiingiza kwenye ufa wa nanomita chache. Halafu 1998 Ebbesen na wenzake wakatoboa vitundu vidogo kuliko urefu wa wimbi kwenye fedha, wakakuta mwanga unaopita ni mwingi kuliko hesabu ya kawaida inavoruhusu, watu wakapagawa, miaka kama kumi iliyofuata kila mtu anaandika kwamba saketi za plasmoni zinakuja.

Hazikuja, na sababu ni moja tu: metali inakula mwanga. Elektroni zinazoyumba zinagongana na atomi, nguvu inageuka joto. Kwenye dhahabu, kwa leza nyekundu, plasmoni ikitembea kama maikromita 10 imeshabaki theluthi moja na kidogo. Chipu ina upana wa sentimita moja hivi, yani maikromita elfu 10, wimbi lako limekufa halijamaliza hata sehemu moja ya mia ya safari. Linganisha na fiber, mwanga unatoka Mbagala unafika Posta na karibu nusu bado upo. Na ubaya zaidi, kadri unavoibana plasmoni ndo inavozidi kuzama ndani ya metali na kuliwa haraka, hupati vyote viwili. Kuna waliosema tuongezee nguvu njiani, Bergman na Stockman walileta wazo la spaser 2003, kama leza lakini ya plasmoni, na 2009 ikaonyeshwa kwa vipunje vya nanomita 44, fizikia nzuri sana, ila kuipeleka kwenye waya wa kompyuta ni habari nyingine kabisa.

Kwahiyo mimi msimamo wangu ni kwamba plasmoni usiipe kazi ya kusafirisha, ipe kazi ya kubana. Hapo haina mpinzani. Molekuli ni nanomita moja, mwanga ni nanomita mia tano, vikikutana ni kama havijuani, mwanga unapita zake. Ila ukiweka kipunje cha dhahabu juu ya uso bapa wa dhahabu ukaacha ufa wa nanomita moja, mwanga wote wa eneo lile unabanwa kwenye ule ufa na molekuli iliyopo mle inapata kipigo kikubwa. Kuna kipimo kinaitwa Raman, kinatambua molekuli kwa namna inavotetemeka, tatizo lake mwanga unaorudi ni hafifu mno. 1974 Fleischmann na wenzake pale Southampton waliweka kemikali ya pyridine kwenye fedha iliyokwaruzwa, ishara ikatoka kubwa ajabu, 1977 ndo ikaeleweka kwamba uso wenyewe unakuza. Kuna hesabu tamu hapo: ishara inakua kwa kipeo cha nne cha uwanja wa umeme, uwanja ukipanda mara 100 ishara inapanda mara milioni 100, na kufikia 1997 watu wanaona molekuli moja moja. 2016 kundi la Cambridge walienda mbali zaidi, ufa chini ya nanomita moja, molekuli moja ndani, joto la kawaida la chumba, na mwanga na molekuli vikawa vinapokezana nguvu haraka kiasi kwamba huwezi tena kusema nguvu ipo kwa nani.

Alafu dogo umwambie plasmoni kwenye kompyuta ipo tayari, ila sio alipokuwa anatazama. Ipo kwenye hard disk kubwa za kuhifadhia data kwenye seva. Teknolojia inaitwa HAMR, kwenye kichwa cha kuandikia kuna leza na kipande kidogo cha metali ya jamii ya dhahabu, plasmoni inabana mwanga kuwa kidoa cha makumi ya nanomita, kidoa kinachemsha disiki kupita nyuzi 400, sumaku inaandika, panapoa kwa muda wa kama nanosekunde moja, unaenda kidoa kingine. Seagate wanauza za terabaiti 30 na zaidi. Umeona hapo? Lile joto lililoua ndoto ya nyaya ndo linalofanya kazi. Kuna na wale wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wanaotumia plasmoni kugeuza ishara ya umeme kuwa ya mwanga, wanaiacha itembee maikromita kama 10 au 20 tu alafu wanairudisha kwenye njia ya silikoni kabla haijafa, na inakwenda kwa kasi ya zaidi ya gigahertz 100. Hiyo naiamini.

Kama dogo anatafuta projekti ya mwaka wa mwisho asihangaike na mashine za mamilioni. Njia ya Turkevich ya 1951 inatosha, chumvi ya dhahabu inachemshwa na sodiamu sitreti, maji yanapitia rangi kadhaa mpaka yanakuwa mekundu kama mvinyo, ni grami chache sana za vitu ila afanye chini ya msimamizi kwa sababu vyombo huwa vinasafishwa na asidi kali sana. Apime kwenye spektrofotomita, mashine inayoonyesha mwanga upi unanyonywa, kuanzia nanomita 400 mpaka 700, aone kilele chake kipo wapi. Alafu adondoshee chumvi ya kawaida, vipunje vitashikana, kila kimoja kinaanza kuyumba pamoja na jirani yake, kilele kinahamia kwenye urefu mkubwa na maji yanakuwa ya bluu mbele ya macho yake. Akitaka kulinganisha na hesabu ya Mie atahitaji data za dhahabu za Johnson na Christy za 1972, programu za Python zipo bure. Akikwama kwenye vizio vya kipimo, mana zile jedwali zimeandikwa kwa elektroni volti na wanafunzi wangu huwa wanachanganya pale, aniandikie.