Mbwa wa miguu mitatu na kiatu kinachozunguka

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa jike wa kilo 22. Mwaka jana aligongwa na pikipiki, akakatwa mguu wa mbele wa kushoto. Anakimbia vizuri tu, ila unyayo wa mguu wa mbele uliobaki umeanza kuchubuka. Hapa Dodoma mchana lami inaunguza, ukitoka barabarani ni miiba. Nilimnunulia seti ya viatu vya mbwa. Nikimvalisha vyote vitatu anaganda, akijaribu kutembea anaanguka, na kile cha mbele kinazunguka mpaka soli inakaa juu. Nikikaze zaidi?

JIBU: Usikikaze. Kiatu kinachozunguka tatizo lake ni saizi, na ukikikaza utazuia damu na kupata kidonda cha pili.

Kwanza vile vya nyuma viweke kabatini. Mbwa mwenye miguu yote hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele, kila mguu kama 30. Wako amebaki na mmoja, na huo sasa unabeba karibu nusu ya mwili mzima. Tena hautembei, unaruka, kila hatua unatua kwa kishindo. Ndiyo maana umechubuka huo peke yake. Miguu ya nyuma ndiyo inayomsukuma na kumshikilia asiteleze. Ukiifunika kucha zake kwa soli, ataanguka tu.

Sasa vipimo. Unyayo wa mbele ni mpana kuliko wa nyuma, na wa mbwa kama huyu hutandazika zaidi kwa mzigo anaobeba, kwa hiyo seti ya saizi moja mara nyingi humkataa. Mkate kucha, kisha msimamishe juu ya karatasi kwenye sakafu ngumu. Mbwa wengine tunawainua mguu wa pili ili uzito wote ushukie ule tunaoupima. Wako hahitaji hilo. Piga alama ya penseli kila upande wa unyayo, penseli ikiwa wima, upime upana pale palipo papana zaidi. Nunua kwa upana huo. Ukienda kwa fundi viatu akushonee cha turubai, sawa, lakini akikuletea soli ya tairi kama ya katambuga, kataa. Soli lazima ijikunje pamoja na vidole.

Kuvalisha ndiko wengi wanakokosea. Maelekezo ya kwenye boksi husema umwinue mbwa mguu akiwa amesimama. Wako ukimwinua huo mguu anapiga kidevu chini, na akipiga mara mbili, siku nyingine akiona kiatu atakimbia. Mlaze ubavu, upande uliokatwa ukiwa chini, au kaa sakafuni umweke katikati ya mapaja, kifua chake kiegemee mkono wako. Kagua kati ya vidole kama kuna mwiba au funza. Futa, kausha, ingiza unyayo mpaka vidole vifike mwisho. Mkanda ukae pale mguu unapokuwa mwembamba, chini ya kiungo kinachojikunja, bila kukandamiza ule ukucha wa kando. Kidole chako kimoja kipite kwa kubanana kidogo.

Siku ya kwanza dakika mbili ndani ya nyumba, dagaa mkononi, basi. Atainua mguu na kuutikisa, usimcheke (najua ni vigumu). Ongeza kidogo kidogo. Mbwa hutoa jasho kwenye nyayo, kwa hiyo mwanzoni mvue kila baada ya nusu saa utazame kama pamelowa au pamekuwa pekundu. Asilale nacho, wala usimwache nacho peke yake. Atakitafuna, na mkanda ukimezwa ni kazi ya upasuaji.

Kama mchubuko umefika kwenye nyama mbichi au unatoa maji, kiatu kisubiri. Mlete tumtibu kidonda kwanza, na usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol ya nyumbani, zinaweza kumuua.

Mchana wa jua kali weka mgongo wa kiganja juu ya lami. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, matembezi yangoje jioni, hata akiwa na kiatu. Uzito wake nao uangalie: ukimpapasa ubavuni uzisikie mbavu bila kuzitafuta.

Halafu mtazame akiwa amesimama, wewe ukiwa ubavuni. Kile kiungo cha juu ya unyayo kikionekana kimeshuka, kama anataka kukanyagia nyuma ya mguu, kano zake zinachoka na kiatu hakitasaidia. Huyo anahitaji kifaa cha kushikilia kiungo, kinachotengenezwa kwa kipimo chake. Mlete wiki hiyohiyo.