Anzeni na Ua: Kwa Wanaoanza Kumhesabu Nyuki Andrena hattorfiana

Wiki hii nimewaona wenzetu wapya wamepiga magoti kwenye ardhi tupu, hapa kusini mwa Uingereza, wakitafuta viota vya Andrena hattorfiana, na nyuki mwenyewe anapita nyuma yao akiwa na chavua tele miguuni. Bidii yao naipenda, lakini siwezi kunyamaza.

1. Anzeni na Knautia arvensis. Jike hukusanya chavua hasa kwenye ua hilo la zambarau hafifu, na mzigo wake wa rangi ya waridi iliyokolea huonekana bila hata kuinama.

2. Jike ana urefu wa milimita 13 hadi 16, ni mweusi, na manyoya ya ncha ya fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, ni ya dhahabu. Baadhi wana mikanda myekundu, wengine hawana kabisa; kwa hiyo msimkatae kwa kukosa wekundu.

3. Kila jike huchimba kiota chake ardhini, na mara nyingi mlango hufichwa na majani. Mimi sikulizingatia hilo katika msimu wangu wa kwanza. Nilitumwa kukagua uwanja mmoja wa nyasi, nikafika asubuhi yenye baridi na mawingu, nikachungulia kila kipande cha udongo ulio wazi, na nilipokosa tundu hata moja nikaandika kwamba nyuki hayupo. Mwenye shamba aliponiuliza afyeke lini, nikamjibu kuwa wakati wowote unafaa. Akafyeka katikati ya Julai. Niliporudi siku chache baadaye kuchukua vigingi vyangu, jua lilikuwa kali, na jike mmoja alikuwa akizunguka juu ya visiki vya nyasi, miguu yake ikiwa na chavua kidogo tu ya waridi, akishuka mahali ambapo vichwa vya maua vilikuwa vimesimama, akiinuka, akishuka tena. Nilikaa nikimtazama hadi alasiri. Chakula cha watoto wake nilikuwa nimekiondoa kwa sentensi moja ya ripoti.

4. Nendeni kati ya mwisho wa Juni na Agosti, jua likiwaka, zaidi ya mara moja.

5. Mkimwona Nomada armata, nyuki mwingine ambaye hutaga mayai katika viota vya nyuki huyu, andikeni mahali hapo papo hapo, kisha ongeeni na mwenye shamba kabla hajatoa mashine ya kufyekea.