Kupiga filamu ya binti mpanki anayezurura, kwa pesa kidogo

Ndugu, umeuliza utapigaje filamu ya binti asiye na makao anayezifuata bendi za panki (roki ya kasi na kelele), maongezi mengi yakiwa katikati ya shoo. Kwanza itazame Smithereens ya Susan Seidelman. Ilipigwa New York kwa mkanda wa milimita 16, ikaingia mashindano ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1982. Angalia Wren, binti mhusika mkuu, anavyobandika fotokopi za uso wake mwenyewe: ni karatasi na gundi tu, lakini tayari umeshamjua.

Kuhusu shoo, muziki na maongezi usivirekodi pamoja hata kidogo. Wimbo ukilia nyuma ya maneno, kila unapokata picha wimbo unaruka, na kuutenganisha baadaye ni kazi ngumu mno. Piga kwanza bendi na umati, spika zikiunguruma. Kisha zima muziki. Umati uendelee kuruka bila viatu, waigizaji wapaze sauti kana kwamba spika bado zinapiga; wakiongea kwa upole, mtazamaji atashtuka. Kabla ya kuondoka rekodi sekunde 60 za sauti ya ukumbi mtupu, za kuziba mapengo kati ya maneno. Wimbo utauweka kwenye uhariri.

Kama umeme ni wa hezi 50, shata ya kamera (muda inaofunguka kwa kila picha) iwe sekunde 1/50, la sivyo taa zitapepesa.

Nywele za kusimama hulala kwa jasho, kwa hiyo zipige picha ya kumbukumbu kila baada ya teki (kila mara unaporekodi tukio), ili uzirudishe zilivyokuwa. Na tenga akiba: mwigizaji mkuu wa Seidelman alivunjika mguu, kazi ikasimama kwa miezi.