Maswali na majibu: Tovuti ya biashara ipo hewani, mbona Google haioni?

Safari hii maswali mengi yametoka Mtwara na Lindi, kwa watu waliofungua tovuti za biashara karibuni na sasa wanataka wateja wazipate. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nina nyumba ya wageni Mikindani. Tovuti ina wiki tatu, lakini nikiandika jina lake Google inaniletea Boma la zamani na habari za Livingstone. Fundi anasema nisubiri tu. Nisubiri mpaka lini? (Mikindani)

Kabla ya kusubiri, hakikisha kuna cha kusubiri. Fungua Google, andika site: kisha, bila kuacha nafasi, malizia na anwani ya tovuti yako. Zikitokea kurasa zako, Google inazijua na kilichobaki ni kupanda nafasi. Isipotokea hata moja, bado haijakuweka kwenye orodha yake.

Google ina programu iitwayo Googlebot, inayozunguka mtandaoni kwa kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Inachokisoma hukiweka kwenye faharasa, yaani ile orodha yake, na mtu akiuliza kitu, majibu hutolewa humo. Tovuti mpya ambayo haijatajwa na tovuti nyingine yoyote haina kiungo cha kuifikia, kwa hiyo inaweza kukaa muda mrefu bila kupitiwa.

Kuna jambo la kumuuliza fundi wako leo hii. Kama tovuti imejengwa kwa WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi wengi hukiwekea alama wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sahihi, kisha husahau kuiondoa siku ya kukabidhi. Kikibaki hivyo, utasubiri hadi mwakani.

Baada ya hapo jiandikishe Google Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona. Ni bure. Humo utawasilisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako zote, na utaomba ukurasa wako wa kwanza upitiwe. Nakusihi ufungue akaunti hiyo kwa barua pepe yako mwenyewe, na jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina lako. Mafundi huhama na hubadili namba, nawe utabaki nje ya mlango wa biashara yako. Google wenyewe husema mabadiliko huchukua kati ya saa chache na miezi kadhaa kuonekana.

Hao wanaotafuta habari za Boma nao usiwapuuze, kwa sababu wengi ni wageni watakaohitaji pa kulala. Weka ukurasa unaoeleza mtu anatembea dakika ngapi kutoka kwako hadi Boma, apite njia ipi, na akirudi atakuta chakula gani.

Shikamoo kaka. Nabangua korosho Newala na kuziuza kwa pakiti. Nifanyeje ili mtu akiandika "korosho" nitokee wa kwanza? (Newala)

Marahaba, dada. Sikushauri uligombee neno hilo. Anayeandika "korosho" peke yake anaweza kuwa mkulima wa Tandahimba anayetafuta bei ya mnada, mwanafunzi mwenye kazi ya shule, au mtu anayetaka kujua faida zake mwilini. Mnunuzi wako yumo, ila ni mmoja katika umati, na mbele yako wamepangana magazeti na taasisi za serikali.

Mteja mwenye pesa mkononi huandika kwa urefu: "korosho zilizobanguliwa bei ya jumla", "korosho za kukaanga kilo moja Dar es Salaam", "napata wapi korosho za Newala". Sentensi za namna hiyo tayari unazo kwenye WhatsApp yako. Tenga jioni moja, pitia jumbe za wateja, unakili maswali kama walivyoyauliza wao, kwa maneno yao. Swali linalojirudia lipe ukurasa wake, au walau sehemu yake yenye kichwa chake. Kazi hii hakuna fundi atakayekufanyia vizuri kuliko wewe, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa.

Nimeifungua tovuti yako. Kichwa cha ukurasa wa kwanza kimeandikwa "Mwanzo". Hicho ndicho kwa kawaida hutokea kwa maandishi makubwa kwenye matokeo ya Google, na neno "Mwanzo" halimwambii mtu kitu. Weka "Korosho zilizobanguliwa kutoka Newala, rejareja na jumla". Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayakupandishi nafasi, lakini humfanya mtu abonyeze, basi taja humo kwamba unatuma mikoani kwa basi.

Ukurasa wa bidhaa una picha moja na maneno "ubora wa hali ya juu". Kila muuzaji anaandika hivyo. Eleza kama ni nzima au vipande, zina chumvi au hazina, pakiti ni gramu ngapi, za msimu gani, na malipo yanafanywaje. Wanunuzi wa jumla na wa nje hutafuta kwa daraja: W240, W320. Ukiandika kwamba una W320, na kwamba maana yake ni punje nzima 300 hadi 320 katika ratili moja, umemjibu mnunuzi mkubwa na umemfundisha mdogo.

Tunapeleka watalii Kilwa Kisiwani kwa boti. Tovuti iwe ya Kiswahili au Kiingereza? (Kilwa Masoko)

Zote mbili, lakini kila lugha na kurasa zake. Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yanayoonekana, kwa hiyo ukurasa uliochanganya aya ya Kiswahili na aya ya Kiingereza humchanganya msomaji na mashine pia. Fundi wako aunganishe kurasa pacha kwa alama ya hreflang, ili mgeni wa Uingereza apelekwe kwenye Kiingereza na mwalimu wa Lindi anayepanga ziara ya wanafunzi apelekwe kwenye Kiswahili.

Tafsiri ya mashine usiibandike bila kuipitia. Na usirudie neno kwa neno kile ambacho tovuti zote zimeandika, kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kitaje, kisha uandike unayoyajua wewe: boti huondoka saa ngapi, kibali kinachukuliwa wapi, upepo wa kusi ukivuma safari huwaje, mzee anayepanda boti kwa shida mnamsaidiaje. Mambo hayo hakuna mtu wa London atakayeyaandika vizuri kukuzidi.

Kuna kampuni inaniahidi ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki moja, pamoja na viungo 1,000. Nilipe? (Mtwara mjini)

Usilipe. Google haiuzi nafasi katika matokeo ya kawaida. Inachouza ni matangazo, na hayo huwekewa alama kwamba yamelipiwa. Viungo vya kununua kwa lengo la kupanda ni kinyume cha kanuni zake na vinaweza kukushusha. Kiungo kimoja cha kweli kinatosha kuanzia: muulize msambazaji wako, chemba ya wafanyabiashara ya mkoa, au shule unayoiuzia, wakutaje kwenye tovuti zao.

Mimi ni fundi friji. Wateja wangu wote wako Lindi mjini. Kweli nahitaji haya yote? (Lindi)

Anza na Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara yako kwenye Google, hata kabla ya tovuti. Ni bure, na ndiyo inayokuweka kwenye ramani mtu anapoandika "fundi friji Lindi". Google hupanga matokeo hayo kwa mambo matatu: huduma yako inafanana kiasi gani na iliyoulizwa, uko umbali gani na aliyeuliza, na unajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, mengine unaweza. Chagua aina ya kazi kwa usahihi, weka picha za kazi zako, na rekebisha saa za kazi Ramadhani inapoingia. Uthibitisho mara nyingi huombwa kwa video, kwa hiyo uwe na vifaa vyako na bango, kama unalo. Mteja aliyeridhika mwombe aandike maoni, ila usiyanunue. Jina liwe lile lile la biashara. Kulijaza maneno kama "fundi bora nafuu Lindi" kunaweza kufanya wasifu usimamishwe.

Wateja wanalalamika tovuti inachelewa kufunguka. (Masasi)

Mara nyingi ni picha. Picha ya simu ikiwa na MB 4, kumi ni MB 40 za bando la mteja. Zipunguze hadi chini ya KB 200 kila moja kabla ya kuzipandisha, kwa muundo wa picha nyepesi uitwao WebP ikiwezekana. Kisha pima kasi kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google, ukichagua upande wa simu: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Upande wa simu una uzito, kwa sababu Google sasa husoma tovuti kama simu inavyoiona.

Nimeambiwa nirudie neno "hoteli Mtwara" mara nyingi kwa maandishi meupe yasiyoonekana. (Shangani, Mtwara)

Yaondoe leo. Maandishi yaliyofichwa ni udanganyifu unaoadhibiwa. Na kile kisanduku cha "maneno muhimu" nyuma ya ukurasa, Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawakitumii kupanga nafasi.

Nitajuaje kama juhudi zinazaa? (Nachingwea)

Rudi Search Console kila mwezi, kwenye ripoti ya utendaji. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika ukatokea, umetokea mara ngapi, na wangapi walibonyeza. Ukitokea mara nyingi na wabonyezaji wakawa wachache, andika upya kichwa cha ukurasa huo. Ukiona watu wanakuja kwa swali ambalo hujalijibu popote, andika ukurasa wake wiki hiyo hiyo.