Unafundisha basketi chuo kidogo? Shika shuti

Makocha wenzangu mnaonitumia meseji "kocha timu yangu haina warefu nifanyeje", jibu langu ni lile lile, achana na warefu, wakitokea vyuo vikubwa vinawabeba kabla hata hujawaona. Chagua kitu kimoja unachoweza kumfundisha yeyote anayekuja. Mi nilichagua shuti.

Marekani kuna kocha alijenga jina kwa hilo hilo, Herb Magee wa Philadelphia. Boston Celtics, timu ya NBA, walimchukua kwenye drafti ya 1963 (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ila akaumia vidole, akarudi kuwa kocha msaidizi kwenye chuo kile kile alichochezea, 1967 akakabidhiwa timu, na hakutoka hapo mpaka 2022! Chuo chenyewe kilikuwa cha mambo ya nguo, kikabadili jina mara kadhaa, kocha ni yule yule. 1970 akabeba ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo, akastaafu na ushindi 1,144, na hadi wachezaji wa NBA walikuwa wanamfuata awarekebishie shuti.

Sasa uwanjani inakuwaje. Kijana anakuja anarusha kwa mikono miwili kutoka kifuani, si kosa lake, alianza mdogo hana nguvu ya kufikisha mpira kwenye ringi ndo akazoea hivyo. Msogeze karibu kabisa na ringi, mkono mmoja tu, ule mwingine aufiche mgongoni, mpira ukae kwenye vidole usilale kiganjani, kiwiko kiwe chini ya mpira, na akishaachia mkono ubaki juu mpaka mpira upite kwenye wavu (kama wavu upo, viwanja vyetu tunavijua). Harudi nyuma hata hatua moja mpaka aingize mfululizo bila mpira kugusa chuma. Watanuna, hasa mastaa wa mtaani waliozoea kurusha kutoka mbali, we waache wanune.

Hela? Ndogo, tafuta na vipindi vya kufundisha darasani. Ila funguo za stoo ya mipira komaa nazo mwenyewe, ukisubiri mtu wa stoo kila jioni mazoezi yanakufa.

Na timu kubwa ikikupigia simu uliza kwanza utafundisha au utapanga koni na kubeba maji, maana wengi wanaitwa kwa cheo kizuri wanaishia kwenye koni.