Msomaji Anauliza: Fedha za masharti na kilo za mtoto

Swali. Mama Muuguzi, nakusalimu wewe pamoja na wote wanaoandika gazeti hili. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza sambaza za kukausha, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Ni miezi saba sasa jina langu limo katika orodha ya mradi unaonitumia dola 15 kila mwezi kwa njia ya simu, kwa sharti kwamba kitinda mimba wangu, mwenye miezi 18, apelekwe kupimwa kilo na kupata chanjo zake zote. Jirani yangu ameniambia kwamba mtoto akinenepa na utepe ukafika kwenye kijani, jina linafutwa. Sitaficha: mara mbili, usiku wa kuamkia siku ya kupima, nilimpa chai ya rangi tu akalala. Je, nimemdhuru? Na fedha hizi zenye sharti, kweli zinaleta afya, au zinatuzoesha tu kupanga mstari?
*Mama wa watoto wanne, Kadutu*

Jibu. Mama, nakushukuru kwa kusema jambo ambalo wengi wanalifanya wakanyamaza. Tuanze na mtoto, ya mradi yatafuata.

Utepe ule tunaouzungushia mkono wa juu wa mtoto hupima nyama na mafuta, na vitu hivyo haviyeyuki kwa usiku mmoja. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, maana yake mtoto yuko katika hatari ya kufa. Kati ya 115 na 125 ni njano. Kuanzia 125 ni kijani. Chai ya rangi ya jana jioni haiwezi kuurudisha mkono kutoka kijani hadi njano. Kwa hiyo ulimlaza mtoto na njaa bila hata kupata kile ulichokitafuta. Usiku mmoja au miwili kwa mtoto ambaye vinginevyo anakula vizuri hauachi kovu, na kwa hilo naomba moyo wako utulie. Hatari iko kwa mtoto ambaye tayari amekonda: sukari ya damu yake hushuka upesi usiku, ndiyo maana katika wodi za bwaki, yaani utapiamlo mkali, tunawaamsha watoto kila baada ya saa mbili au tatu ili wanywe maziwa, hata kama mama zao wananuna kwa usingizi. Kama utepe wa mwanao ulikuwa njano mwezi uliopita, usirudie tena, na mwongezee uji kabla hajalala, wenye kijiko cha mafuta na unga kidogo wa hizo sambaza unazoziuza.

Sasa jirani yako. Hakubuni uongo, amechanganya mambo mawili. Kuna tiba ya utapiamlo, ile ya pakiti za siagi ya karanga, na humo mtoto huondolewa kweli anapopona, yaani mkono unapofikisha milimita 125 mara mbili mfululizo, kama vile mgonjwa wa malaria anavyoacha vidonge akishamaliza dozi yake. Mradi wa fedha za masharti ni jambo jingine. Kama ulivyoueleza, sharti lako ni kufika na kuchanjwa. Hulipwi kwa sababu mtoto amekonda, wala hufutwi kwa sababu amenenepa. Hata hivyo usinisadiki mimi tu: mwulize reko, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa wenu, au mtu wa mradi akuonyeshe mahali palipoandikwa, tena mbele ya akina mama wengine, ili jirani naye asikie.

Wala si Kadutu peke yake hofu hii ilikozaliwa. Brazili ilianzisha mwaka 2001 mpango ulioitwa Bolsa Alimentação, uliowapa akina mama maskini fedha wakihudhuria kliniki. Watafiti waliwalinganisha watoto wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo waliopokea na wengine waliostahili lakini majina yao yakaanguka kwa makosa ya ofisi. Walitarajia kuwakuta waliopokea wakiwa wazito zaidi. Badala yake waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, takriban gramu 31 pungufu kwa kila mwezi wa kuwa ndani ya mpango. Maelezo waliyoyaona ya karibu zaidi ni haya: mpango wa zamani wa maziwa ya unga na mafuta ulikuwa ukimtoa mtoto akishanenepa, kwa hiyo huenda akina mama walidhani huu mpya nao ungefanya vivyo hivyo. Hawakuwa mama wabaya. Walikuwa wakisoma kanuni ambayo hakuna aliyewafafanulia, wakaisoma kwa kutumia ile ya jana. Mimi lawama yangu naipeleka kwa wenye miradi wanaotumia siku tatu kuandikisha majina na dakika tano kueleza masharti.

Unauliza kama fedha hizi zinaleta afya. Mahali pengi, ndiyo, na ushahidi wake si mdogo. Meksiko ilianza mwaka 1997 mpango wa Progresa, na kwa kuwa fedha hazikutosha kuwafikia wote kwa mara moja, vijiji 506 viligawanywa kwa bahati nasibu: 320 vikaanza, 186 vikasubiri. Fedha zilikabidhiwa mama, naye alipaswa kuwapeleka watoto kliniki, kuhudhuria mazungumzo ya afya, na kumpa mtoto mchanganyiko wa lishe uliotolewa bure. Watoto waliozaliwa ndani ya mpango waliugua kwa karibu asilimia 25 pungufu katika miezi sita ya kwanza ya maisha, upungufu wa damu ulishuka kwa kiasi kama hicho, na wachanga walirefuka takriban sentimeta 1 zaidi. Sentimeta moja unaweza kuidharau mpaka uwe umewahi kupima watoto wa mlima huu wa kwetu, ambako mwenye miaka mitatu anavaa nguo ya mwenye mwaka mmoja na nusu.

Brazili yenyewe, baada ya kuunganisha mipango yake kuwa Bolsa Família mwaka 2003, ilipata matokeo makubwa zaidi. Katika manispaa ambako mpango uliwafikia karibu maskini wote, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 17. Vile vya utapiamlo kwa asilimia 65, na vya kuhara kwa asilimia 53. Angalia ni vifo vya namna gani vilivyopungua zaidi: vile ambavyo chungu kilichojaa na maji safi huvizuia kabla daktari hajaitwa.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya dola zako 15. Wewe ukiwa na siku ya kupima, meza yako ya sambaza haina mtu. Mvua imenyesha, njia ya kushuka kutoka Cimpunda imekuwa utelezi, unampakata mtoto, unalipa pikipiki kurudi, na jioni hakuna kilichouzwa. Nimeona mama akifungua fundo la kitenge chake mbele ya dirisha la malipo, akahesabu faranga mara mbili, akalifunga tena na kuondoka bila kununua dawa niliyokuwa nimemwandikia dakika hiyo hiyo. Mama yule hakukosa mafundisho kuhusu umuhimu wa dawa. Alikosa faranga. Fedha zinazolipia siku iliyopotea zinaondoa kizuizi halisi, na sharti linazielekeza tu mahali zilipokusudiwa kufika.

Jambo la mwisho kwako, kuhusu namna ya kuzitumia. Huko Tanzania, mpango wa majaribio ulioanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha ulikuwa na masharti kama yako. Mwanzoni familia zilimiminika kliniki, kisha safari hizo zikapungua, na watoto wadogo wakawa wanaugua siku nyingi zaidi? Sivyo: waliugua siku chache kuliko wenzao. Familia nyingi zilikuwa zimelipia bima ya afya ya jamii na kuwanunulia watoto viatu, vinavyozuia minyoo inayoingilia nyayoni. Ukitoa kidogo kila mwezi kwenye likelemba, yaani mchango wa zamu, ya wauza sambaza ili mwisho wa mwaka ulipe mituele, ile bima ya afya ya jamii, utakuwa umefanya walivyofanya wao. Na ukienda kutoa fedha kwa wakala, omba noti nzima: dola yenye mpasuko wa ukucha tu hakuna atakayeipokea pale sokoni, unajua kuliko mimi.

Swali. Mke wangu analipwa na mradi kama huo. Sipingi, ila nauliza: kwa nini tuwekewe masharti kana kwamba hatujui kulea? Na tena nasikia kwamba fedha hizi zitafanya wanawake wazae zaidi.
*Baba wa familia, Bagira*

Jibu. Baba, swali lako la kwanza ni zito kuliko unavyodhani, kwa sababu hata wataalamu hawajakubaliana juu yake. Wilayani Zomba, nchini Malawi, wasichana waligawanywa katika makundi: wengine walipokea fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti lolote, wengine hawakupokea. Baada ya miezi 18, kati ya wale waliokuwa shuleni mwanzoni, maambukizi ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliopokea na asilimia 3.0 kwa wasiopokea, na tofauti kati ya wenye sharti na wasio na sharti haikuonekana. Sharti lilisaidia zaidi mahudhurio ya shule. Upande wa ndoa na mimba za mapema, fedha zisizo na sharti ndizo zilizosaidia zaidi, kwa kuwa msichana aliyeacha shule aliendelea kupata kitu mkononi badala ya kutafuta mume wa kumlisha.

Karibu na kwetu zaidi, katika kambi ya wakimbizi wa ndani huko Masisi, watafiti walilinganisha fedha taslimu na kuponi. Waliopewa fedha walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, wakalipa pia matibabu na shule, na kuwafikishia fedha kulikuwa na gharama ndogo kuliko kuponi. Kwa hiyo, baba, mtu akikwambia kwamba maskini asipoamriwa ataharibu fedha, mwombe akuonyeshe wapi. Mimi nakubali sharti pale ambapo huduma ni moja, inajulikana na ina wakati wake, kama chanjo au kupima mimba. Pale ambapo shida ni njaa, silioni lina kazi gani.

Kuhusu uzazi: Honduras huenda ulipanda kidogo, kwa sababu familia iliyopata mtoto mpya ingeweza kuongezewa malipo. Meksiko na Nikaragua, ambako kanuni ilikuwa tofauti, haukupanda. Uliza kanuni ya mradi wenu inasema nini, basi.

Swali. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Kabare. Siku ya kupima tunapata akina mama wengi kupita uwezo wetu, chanjo zinaisha kabla ya saa sita, na wote wanataka saini kwenye kadi ili walipwe. Tufanyeje?
*Muuguzi mwenzako*

Jibu. Ndugu, umegusa mahali ambapo mipango hii huvunjika. India ilianza mwaka 2005 kuwalipa wanawake wanaojifungulia hospitalini, na hospitali zikajaa. Lakini tafiti hazikuona vifo vya akina mama vikipungua kwa kadiri ileile, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kabla ya damu, dawa na wakunga kuongezwa ndani. Kwa upande mwingine, Kinshasa, wanawake wajawazito 433 waliogunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likalipwa dola 5 katika ziara ya kwanza, ikiongezeka dola 1 kila ziara iliyofuata. Wiki sita baada ya kujifungua, asilimia 81 ya waliolipwa walikuwa bado katika matunzo, dhidi ya asilimia 72 ya wengine; waliohudhuria kila ziara na kupokea kila huduma walikuwa asilimia 68 dhidi ya 54. Kwa dola chache namna hiyo! Lakini aliyefika alipimwa na kupewa huduma iliyomleta.

Kwa hiyo usitie saini ya chanjo ambayo haikutolewa, hata mama akikulilia, kwa sababu mtoto huyo atahesabiwa amekingwa na surua na hakukingwa. Wala usimrudishe mama mikono mitupu kwa kosa lisilo lake. Andika kwenye kadi tarehe, kisha maneno haya: «amefika, chanjo haikuwepo», weka saini chini ya hayo, na upeleke nakala kwa mradi ili alipwe kwa kufika. Waombe pia wagawe vijiji kwa siku nne tofauti za mwezi. Kadi kumi zenye maneno hayo mezani kwao zitawasukuma kutafuta chanjo upesi kuliko ripoti ya kurasa ishirini.